Misuli ikikaza Kigoma uende wapi: kwa bibi mkandaji, chumba cha masaji au fiziotherapia?

Bega langu la kulia ndilo lililonifundisha haya. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda karibu na soko la Mwanga, na kazi yangu ni kuinama: kichwa mbele, mkono wa kulia unasukuma kitambaa, mguu unakanyaga. Ukifika msimu wa sare za shule, Desemba mpaka Januari, msuli wa kati ya shingo na bega hukaza hadi nikiitwa kwa nyuma nageuka mwili mzima kama sanduku.

Kwa miaka kadhaa nimeupeleka msuli huu kwa watu wa aina tatu: bibi mmoja mkandaji wa Ujiji, vyumba vya masaji vya hapa mjini, na mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi na mikono, hospitalini. Wateja wangu wanalijua hilo. Anayekuja kuchukua gauni lake huku ameshika kiuno lazima aniulize, "We ulikwenda wapi ukapona?" Jibu langu huwaudhi, maana na mimi huanza kwa kuuliza: kinauma tangu lini, ulikuwa unafanya nini, maumivu yanashuka mguuni? Sijifanyi daktari. Ni kwamba baada ya kuzunguka kote huko nimeona mikono hii haipishani sana kwa nguvu ya kidole gumba, wala bei haikwambii kitu. Inapishana kwa maswali unayoulizwa kabla hujalala.

Maneno kwanza, maana yanatuponza

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya kushika mwili uliochoka. Kukanda ni kubonyeza na kusukuma kama unga wa maandazi, au kugandamiza kwa kitambaa cha maji ya moto kama anavyokandwa mama aliyejifungua. Kuchua ni kusugua kwa dawa, ndiyo maana dukani tunaomba "dawa ya kuchua". Kusinga ni mambo ya bibi harusi, singo na manukato, ngozi ing'ae. Msuli hapo haupati cha maana. Kuumika ni kuvuta ngozi na damu juu kwa chuku, zamani pembe ya ng'ombe, siku hizi vikombe vya plastiki, na wengi huita hijama.

Neno lenye matatizo ni "mshipa". Unaopitisha damu ni mshipa. Wa fahamu nao ni mshipa. Ukano wa nyuma ya kisigino watu huuita mshipa, na hata ngiri ni mshipa. Mkandaji akikuambia "mshipa umepanda" anaweza akawa amepatia kabisa mahali panapouma na akakosea kinachouma. Msuli ukikaza, mkono unasaidia. Mshipa wa fahamu ukibanwa kiunoni, maumivu hushuka takoni, pajani, mpaka unyayoni, yanachoma kama umeme, na ukilikanda paja siku nzima chanzo chenyewe hujakigusa. Mshipa wa damu mguuni ukiwa umezibwa na bonge la damu, kuukanda ni kuhatarisha maisha, kwa sababu bonge likichomoka linaweza kwenda kukwama mapafuni. Kwa hiyo ukiambiwa "mshipa", uliza: upi?

Bibi wa Ujiji

Huwa nakwenda jioni, baada ya kufunga. Hana kibao wala namba ya simu ukutani. Unaelekezwa kwa mti na rangi ya mlango. Kuna mkeka, kanga mbili, beseni la maji ya moto na chupa ya mafuta ya mise.

Kwa mgeni wa Kigoma: mise ni mafuta ya kiini cha ndani cha chikichi, yale unayoyapata baada ya kuvunja kokwa. Usichanganye na mawese, ambayo yanatoka kwenye nyama ya nje na ni mekundu. Ukikandwa kwa mawese utaharibu kanga, shuka, na huenda na ndoa. Mise yana harufu yake nzito, anayeyapenda anayapenda na asiyeyapenda hukaa mbali nawe kwenye daladala, lakini yanateleza vizuri na hayakauki upesi, jambo ambalo mkandaji analihitaji. Sidhani kama yana dawa ya ajabu ndani yake. Kazi yake kubwa ni kuufanya mkono uteleze bila kuvuta ngozi, na mafuta ya nazi au ya alizeti yangefanya hivyohivyo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Leo bega tena, au umeniletea na kiuno?"

Halafu huja swali lake ambalo sijalisikia kwenye chumba chochote cha masaji: "Umelala vibaya, umebeba, au umegombana na mtu?"

Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nilikuwa kweli nimegombana na mtu, mteja aliyekataa kumalizia fedha ya magauni sita ya harusi, na nilikuwa nimelala siku tatu nimekaza meno. Bibi hakusoma popote kwamba mawazo hukaza mabega, ila ameyashika mabega ya kutosha kujua.

Anapokanda haanzi panapouma. Anaanza miguuni au mgongoni, kwa kitambaa cha moto, polepole, kisha anasogea. Akifika begani tayari mwili umeshakubali. Hana saa, anamaliza pale msuli unapolegea, iwe nusu saa au mpaka adhana ya Isha. Bei hasemi. Unaacha ulichonacho, na ukija na sukari na sabuni hatakurudisha.

Sasa upande wa pili, maana nampenda lakini si wa kumfungia macho. Bibi anaamini karibu kila kitu kinarudishika kwa mkono. Siku moja alinishika kichwa, mkono mmoja kidevuni na mwingine kisogoni, akitaka "kuirudisha shingo" kwa mshtuo mmoja. Nilimwambia, "Bibi, shingo niachie." Akacheka, akaniacha. Shingoni hupita mishipa ya damu inayopanda kwenye ubongo, na kusokotwa ghafla kunaweza, mara chache lakini kweli, kuichana na kuleta kiharusi. Vilevile simpelekei tumbo la mimba linyooshwe, wala mtoto aliyeanguka kwenye mwembe akavimba mkono. Mkono uliovimba baada ya kuanguka ni wa kupigwa picha kwanza.

Sheria ya mwaka 2002 iliunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, ambalo husajili watoa huduma wa aina hiyo. Lakini bibi wa mkekani kwa kawaida hajioni mganga. Anajiona jirani mwenye mikono. Kwa hiyo cheti usikitafute hapo. Tafuta kama anakubali kusikia "hapana".

Chumba cha masaji

Hapa unapata kitanda chenye tundu la uso, pazia, muziki wa maji yanayotiririka (ukiwa na Ziwa Tanganyika dirishani, unajiuliza wa nini), na saa. Saa ndiyo bidhaa. Dakika 30 au 60, bei imeandikwa, na dakika ikiisha mkono unanyanyuka hata kama msuli ndio kwanza unaanza kulegea. Kwa mtu mwenye ratiba hiyo ni faida: unajua utatoka saa ngapi.

Ukutani kuna majina. "Masaji ya Kiswidi" ni ile ya mafuta, kusugua kwa urefu, kukanda, kupigapiga kwa ukingo wa kiganja. Wengi husema aliibuni Per Henrik Ling, Mswidi aliyeanzisha chuo cha mazoezi ya viungo Stockholm mwaka 1813, ingawa aliyezipanga na kuzieneza mbinu zenyewe ni daktari Mholanzi, Johann Georg Mezger. "Masaji ya Kithai" ni ya kuvutwa na kukunjwa chini sakafuni, umevaa nguo, bila mafuta. UNESCO iliiingiza kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2019. Na "dipu tishu" ni ya kubonyeza kwa nguvu kwenda ndani, kwa vidole, ngumi na kiwiko. Hii ya mwisho ndiyo vijana wa mazoezi na wabeba mizigo wa bandarini huiomba, na ndiyo iliyoniumiza.

Nilikwenda chumba kimoja, jina lake nimeliacha hukohuko. Kijana alinipokea vizuri, akanionyesha pa kuweka simu, hakuniuliza chochote kuhusu afya yangu. Alitumia kiwiko. Nikamwambia kinauma; akasema, "Vumilia mama, hapo ndipo sumu inatoka." Nikavumilia, kwa sababu tumelelewa kuamini kwamba dawa chungu ndiyo dawa. Kesho yake nilikuwa na madoa ya zambarau begani, na kwa siku mbili sikuweza kunyanyua pasi ya mkaa. Mteja mmoja aliuliza kama nimepigwa nyumbani.

Hakuna sumu inayotoka. Maumivu yanayokuja baada ya kazi usiyoizoea huanza siku inayofuata, hufika kileleni siku ya pili au ya tatu, kisha huisha yenyewe ndani ya kama wiki moja. Watu husema ni asidi ya laktiki, lakini hiyo mwili huiondoa ndani ya saa moja au zaidi kidogo baada ya kazi. Kinachouma ni vijeraha vidogo vidogo ndani ya nyuzi za msuli na mwili unavyovishughulikia. Na kinachoviumba zaidi ni msuli kufanya kazi huku unarefuka, yaani kushuka mlima, kuteremsha mzigo. Watu wa Kigoma tunaijua hiyo hata bila kuambiwa: mgeni anapanda na kushuka vilima vyetu siku nzima, na kesho yake mapaja ya mbele yanamlilia kwa sababu ya kushuka. Masaji laini humpunguzia. Kiwiko kinamwongezea vijeraha juu ya vijeraha.

Tangu hapo nimejiwekea kanuni: maumivu ya kubonyezwa nikiyapa alama kwenye kumi, yakipita sita nasema "punguza". Asipopunguza, nainuka na kanga yangu. Na kama baada ya kukandwa kwa nguvu sana mkojo unakuwa wa rangi ya chai au kokakola, usisubiri kesho. Ni nadra, lakini ni dalili kwamba msuli uliovunjika unaziumiza figo.

Vyumba vizuri vipo, na nimeshapata. Dada aliyeniuliza kama nina presha, kama nina mimba, kama kuna mahali sitaki kuguswa, akabadilisha shuka mbele yangu, akanitaka nimwambie kila mara nguvu ikizidi. Nilitoka nimelala nusu. Vingine vinauza kitu kingine kabisa chini ya jina la masaji na mji mzima unavijua; mlango ukifungwa kwa ufunguo kabla ya maswali, wewe fungua. Mwanamke ana haki ya kuomba ahudumiwe na mwanamke, na huna haja ya kuomba radhi kwa hilo.

Hospitalini

Hapa wengi hukata tamaa. Unaamka alfajiri, unapanga foleni, unalipia kadi, unamwona daktari, unaelekezwa chumba kingine, na hatimaye mtaalamu anakushika kwa dakika chache tu. Mteja wangu mmoja alirudi amekasirika: "Hakunikanda hata dakika kumi!"

Lakini angalia alichofanya kabla. Mimi aliniambia nigeuze shingo kulia, kushoto, ninyanyue mkono, nisukume dhidi ya mkono wake, nifumbe macho niseme anagusa kidole gani. Aligonga kiwiko kwa kinyundo. Aliuliza kama usiku maumivu yananiamsha, kama nimepungua uzito, kama vidole vinakufa ganzi. Maswali yale yalikuwa ya kuondoa mabaya: je, ni msuli kweli? Alipojiridhisha ndipo akaniuliza, "Mama, kiti chako cha kazini kina urefu gani?"

Sikuwahi kukipima. Ni kiti cha plastiki kilichokatwa mguu mmoja kikapachikwa mbao. Akanionyesha kwa kukaa: kiti kiko chini, meza iko juu, kwa hiyo bega linapanda siku nzima ili mkono ufike kwenye sindano. Aliniambia niongeze mto, nivute cherehani karibu, na kila nikimaliza nguo moja nivute mabega nyuma mara kumi kabla ya kushika nyingine. Ndipo akanikanda, dakika chache, kwa kidole gumba kimoja kilichotulia mahali pamoja. Alisema kukanda ni mlango tu: kunapunguza maumivu kwa saa au siku chache ili uweze kufanya mazoezi ambayo usingeweza kuyafanya ukiwa umekaza.

Nilimuuliza kwa nini basi mkono unasaidia, kama hakuna fundo linalofunguka wala sumu inayotoka. Akanipa mfano wa mtoto aliyejigonga, mama akamsugua. Habari za mguso na habari za maumivu hukutana kwenye uti wa mgongo, na mguso huweza kuyabana maumivu yasipite yote. Wazo hilo liliandikwa na Ronald Melzack na Patrick Wall mwaka 1965, na ingawa limerekebishwa tangu hapo, kiini chake bado kinafundishwa. Ongeza joto, utulivu na kupumua taratibu, msuli unaacha kujilinda. Sikufikiri ningeelezwa kazi ya bibi wa Ujiji na mtu mwenye koti jeupe.

Wataalamu hawa wamesoma miaka. Chuo cha fiziotherapia cha hospitali ya KCMC, Moshi, kimetoa wengi. Kwetu hospitali ya rufaa ya mkoa ni Maweni, na ukiwa Uvinza au Kakonko anza na kituo chako upewe barua. Kama una bima, uliza dirishani mapema inalipia vikao vingapi, maana kikao kimoja mara nyingi hakitoshi na nauli ya kurudirudi ndiyo inayowashinda watu kuliko ada.

Udhaifu wake ni mmoja na ni wetu: mazoezi hayafanywi. Mimi niliyafanya wiki tatu, bega likawa jepesi, nikaacha. Januari likarudi.

Bega kwa bega

Nikiwaweka watatu pamoja, kwa usiku wa leo bibi anashinda. Hakuna aliyenilaza usingizi kama yeye, na kwa bei ya sukari. Chumba cha masaji kizuri kinamkaribia, kinampita kwa faragha na usafi wa shuka, kinapitwa kwa subira. Hospitali kwa usiku wa leo ni ya mwisho. Utarudi na karatasi na njaa.

Kwa miezi sita ijayo mpangilio unapinduka. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu maumivu ya kiuno ya muda mrefu yasiyo na chanzo maalumu. Masaji imo kati ya vitu vinavyoweza kutumika, pamoja na elimu ya kujitunza, mazoezi, tiba ya mawazo na dawa za kutuliza uvimbe. Mikanda ya kiuno, ile inayoning'inia kwenye meza za soko na kusifiwa kwa kipaza sauti, haikupendekezwa. Kwa hiyo hata pale masaji inapokubaliwa, inakaa na wenzake. Peke yake inakufanya mteja wa kudumu.

Kwa kujua kinachouma, hospitali haina mpinzani. Bibi anajua wapi, masaji inajua dakika ngapi, hospitali inatafuta nini.

Kuumika nakuweka kando. Wapo wanaokusifia, na vikombe vikavu vikiwekwa na mtu makini huacha tu alama za mviringo ambazo ni damu iliyovutwa chini ya ngozi, si uchafu. Lakini pale panapochanjwa kwa wembe, wembe uwe mpya na ufunguliwe mbele yako, vikombe navyo visiwe vimetoka mgongoni kwa mwenzako. Virusi vya UKIMWI na homa ya ini B havichagui nia njema.

Usimpeleke popote pa kukandwa

Kuna mwili unaouma ambao si wa kukandwa, na hapa Kigoma wa kwanza ni wa malaria. Mkoa wetu ni kati ya ile yenye malaria nyingi nchini. Mtu anaamka viungo vyote vinauma, mgongo, vigimbi, anadhani ni kazi ya jana, anakwenda kuchuliwa. Ukiwa na homa, pima kwanza. Kipimo cha haraka kinatoa jibu ndani ya dakika kama 20.

Wa pili ni mtoto au kijana mwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Maumivu yake ya miguu na mgongo hutoka kwenye damu inayokwama ikashindwa kufika kwenye mifupa, na anahitaji maji, dawa ya maumivu na hospitali. Kumkanda kwa nguvu ni kumtesa.

Mguu mmoja uliovimba, wa moto, unaouma kigimbini, hasa baada ya kujifungua, upasuaji au safari ndefu, usiguswe. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda kama warfarini asikandwe kwa nguvu, na hata dawa ya kuchua yenye harufu ile kali ya methili salisileti aulize kwanza, kwa sababu hupenya ngozini na kuongeza kutokwa damu. Mwenye kisukari aliyekufa ganzi miguuni asiwekewe kitambaa cha moto. Ataungua bila kujua. Kiuno kinachouma pamoja na kukonda, jasho la usiku na kikohozi kinaweza kuwa kifua kikuu kilichoingia kwenye uti wa mgongo. Na kiuno kinachouma huku sehemu za siri zimekufa ganzi, au mkojo umegoma kutoka, ni cha kukimbiziwa hospitali usiku huohuo, hata kama ni kwa bodaboda.

Mikono yako mwenyewe

Haya ni mafupi kwa sababu ni rahisi. Tia mpira wa tenisi ndani ya soksi, uubane kati ya bega na ukuta, uegemee dakika moja au mbili pale panapouma, upumue. Kwa vigimbi, kile kifimbo cha kusukumia chapati kinafaa kuliko unavyofikiri (kioshe kabla hakijarudi jikoni). Msuli uliokaza hupenda joto. Kifundo kilichoteguka leo hupenda baridi kwa siku ya kwanza au mbili. Usibonyeze mbele ya shingo, kwapani wala nyuma ya goti.

Niliyowaambia wawili

Mama mmoja anayeanika dagaa Katonga, anainama toka asubuhi, kiuno kinauma jioni na kupona asubuhi, hana ganzi wala homa: nilimwambia aende kwa bibi, na anike kwenye chanja zilizoinuliwa badala ya chini. Chanja ndiyo zilizomsaidia zaidi, kwa maneno yake.

Wa pili ni kaka yangu, mvuvi. Dagaa hufuata taa usiku wa giza, kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu mitumbwi hukaa ufukweni na wavuvi ndipo hukumbuka miili yao. Siku hizo ndizo bibi wa Ujiji na vyumba vya masaji hupata wageni kutoka ufukwe wa wavuvi wa Kibirizi. Kaka alikuwa akikandwa bega kila mbalamwezi, linapona siku kumi, anavuta nyavu, linarudi. Ilipofika mahali hawezi kuvaa shati bila kusaidiwa, nikamwambia bibi aendelee kumpenda, lakini bega lile liende likaangaliwe. Hospitali ilikuta msuli wa kukanda haukuwa na kosa kubwa; kano za ndani ya bega ndizo zilizochoka, na zilihitaji kuimarishwa kidogo kidogo kwa wiki nyingi.

Amefunga kipande cha tyubu ya baiskeli kwenye nguzo ya kibanda cha nyavu, anakivuta asubuhi na jioni kama alivyoonyeshwa. Wenzake walimcheka, wakamwita mlinzi wa nguzo. Wiki iliyopita nilipompelekea chakula nilikuta tyubu ni tatu.